Utepe wa Madam Tabita

Basi bwana, pale Tunduma, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, kampuni ya Mkondo Usafirishaji ilijenga njia ya zege yenye mteremko mzuri ajabu, kisha ikaifunga kwa utepe ili mtu asiipite. Utepe wenyewe ulikuwa mwekundu, wa kung'aa, una ua kubwa katikati. Aliyeufunga ni Tabita Simwanza, Mkuu wa Kitengo cha Ujumuishi, kwa mikono yake mwenyewe, na siku hiyo aliufunga huku anaimba pambio.

Tumtendee haki kwanza. Tabita hakuwa mtu wa maneno matupu. Mkondo ilikuwa na wafanyakazi mia sita hapo Tunduma peke yake, na Kitengo cha Ujumuishi kilikuwa yeye, meza yake na droo mbili. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mtu mwenye ulemavu anaajiriwa, anaingia, anafanya kazi na anaheshimiwa. Kwa mwaka mmoja alikuwa amefuta kwenye matangazo ya kazi yale maneno ya "awe na viungo kamili". Alileta mwalimu wa lugha ya alama akawafundisha watu wa getini. Fundi alipomjengea njia ya kwanza, Tabita aliipima kwa kamba na ubao, akasema hii ni ya kupandishia ng'ombe kwenye lori, vunja. Fundi akaenda kumshtaki kwa meneja. Haikusaidia, akavunja. Ya pili ikatoka na urefu wa mita kumi na tano, kona katikati, vyuma vya kushika pande zote mbili na sakafu iliyokwaruzwa isiteleze.

Ilibidi iwe ndefu hivyo kwa sababu ofisi zilikuwa ndani ya ghala la zamani, ambalo sakafu yake iliinuliwa kimo cha bodi ya lori ili mizigo isukumwe moja kwa moja. Njia nyingine ya kuingia ilikuwa ngazi nane za zege, nyembamba, hazina pa kushika.

Utepe sasa. Mwenyekiti wa Bodi, ambaye alikaa Dar es Salaam na ndiye aliyeagiza kitengo kianzishwe, alipiga simu akasema, "Hiyo njia nitakuja kuizindua mwenyewe." Tabita alifurahi mpaka akakosa usingizi. Jiwe la marumaru likachongwa Vwawa, likaandikwa jina la Mwenyekiti, nafasi ya tarehe ikaachwa wazi, na juu yake kikaning'inizwa kipazia cha bluu. Mkasi ukanunuliwa, wa rangi ya dhahabu, na kimto chake chekundu cha kuulazia. Tabita akaufungia kwenye droo ya juu usije ukachukuliwa na watu wa kukatia maboksi.

Na kitu kikishaanza kumngoja mgeni rasmi, si cha mtu tena. Wenyewe mnajua. Bomba linaweza kujaa maji, na watu wakalipita na ndoo zao kichwani kwenda mtoni, kwa kuwa bomba halijazinduliwa. Hakuna anayekataza kwa ubaya. Pale Mkondo, kuanzia meneja hadi mfagiaji, hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Tabita aliandika tangazo, akaliwekea plastiki, akalibandika kwenye nguzo: NI MARUFUKU KUPITA HADI SIKU YA UZINDUZI. Akasaini chini. Mzee Eliakim, mlinzi wa mlango huo, akaambiwa hata kuku asipite, na Eliakim ni mtu wa kushika maelekezo.

Imelda Nzunda aliajiriwa mwanzoni mwa Machi. Alikuwa binti kutoka Ndalambo, miaka ishirini na sita, ana cheti cha forodha, na anatembelea kiti cha magurudumu tangu utotoni. Tabita ndiye aliyemtafuta na ndiye aliyemtetea kwenye usaili. Kazi ilikuwa kuandaa nyaraka za mizigo inayovuka mpaka, na mkataba ulisema miezi mitatu ya majaribio, mwisho Ijumaa ya mwisho ya Mei. Akifuzu, ni ajira ya kudumu. Asipofuzu, anarudi Ndalambo kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshawatangazia watu wote kanisani kwamba mwanangu yuko ofisini Tunduma.

Wiki mbili za kwanza njia ilikuwa bado inakauka, kwa hiyo Imelda akapandishwa ngazi kwa kubebwa. Njia ilipokauka, ukafungwa utepe, na Imelda akaendelea kubebwa.

"Vumilia kidogo, mwanangu," Tabita alimwambia. "Ni wiki ijayo tu."

"Sawa, Madam," Imelda akajibu.

Wiki ijayo Mwenyekiti alikuwa na kikao. Aprili, mkwewe alifariki. Katikati ya Mei alipanda kabisa ndege, ukungu ukawarudisha Dar. Kila mara Tabita aliufungua utepe uliofifia kwa jua na vumbi la malori, akafunga mwingine mpya. Alifunga tepe nne kwa jumla.

Waliombeba Imelda ni makuli wanne wa ghalani. Si watu wabaya. "Malkia anapanda!" walikuwa wanatania, na yeye anacheka kidogo huku ameshikilia sketi yake magotini kwa mikono miwili. Shida ni kwamba makuli waliripoti ghalani asubuhi kupangiwa kazi, hawakuachiwa mpaka saa mbili. Imelda alishushwa na bajaji getini saa moja na dakika ishirini, kila siku ya Mungu. Akakaa chini ya ngazi kusubiri. Mashine ya kuweka kidole ilikuwa juu, pembeni ya mlango, na muda wa kuripoti ulikuwa saa moja na nusu. Kidole cha Imelda kilifika kwenye mashine saa mbili na dakika kumi. Mara nyingine na robo.

Alichelewa siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Chini ya ngazi, upande wake wa kulia, ilikuwepo njia ya mita kumi na tano, kavu, imefagiliwa.

Na choo kilikuwa chini, nje, nyuma ya ghala. Kushuka ni makuli wanne, kupanda ni makuli wanne. Kwa hiyo Imelda hakunywa chai. Muuza chai wa ofisini alipopita saa nne alipokea kikombe kama wenzake, kwa adabu, akakiweka mbele yake mpaka kipoe, kisha akakimwaga kwenye chungu cha ua dirishani. Tabita alimwona mwezi wa Aprili. Roho ilimuuma kwelikweli. Akaandika kwenye ripoti yake ya mwezi: *uzinduzi ufanyike mapema iwezekanavyo*.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, Barnaba Mwashiuya, meneja wa tawi, akamwita Tabita ofisini kwake. Barnaba alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kutafuna karanga huku anaongea. Mezani alikuwa na karatasi ya mashine.

"Dada Tabita, huyu binti wako. Kazi yake haina kasoro, hilo nasema mbele ya yeyote. Nyaraka zake hazijawahi kurudishwa. Lakini tazama. Siku hamsini na tano, kachelewa hamsini na tano."

"Barnaba, unajua kwa nini anachelewa. Unamwona pale chini kila asubuhi."

"Namwona. Tena namsalimia. Lakini fomu haiulizi kwa nini, inauliza mara ngapi. Mwisho ni mara sita."

"Basi tuihamishe mashine, ikae chini."

"Mashine ni ya watu wa Dar. Ukiigusa inapiga kelele."

"Msamehe hizo siku."

"Nikimsamehe mmoja, hawa mia sita nitawaambia nini?" Akamenya karanga. "Wewe ungefungua tu ile njia."

"Haijazinduliwa."

"Ehe. Na mimi sina utepe, dada. Mwenye utepe ni wewe."

Tabita akatoka pale amenuna. Alimwona Barnaba hana utu, na alimwona hivyo siku nzima, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kufikiria lile neno la mwisho.

Jumanne simu ikaja kutoka Dar. Mwenyekiti anakuja, safari hii kwa gari, ameshatoka na yuko Iringa kwa shughuli nyingine. Uzinduzi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Ofisi nzima ikachangamka. Maturubai yakakodiwa, kwaya ikaanza mazoezi, fundi wa Vwawa akaitwa aje achonge tarehe. Tabita akachapa ratiba. Kipengele cha saba kilisomeka: *Mfanyakazi mwenye ulemavu kupita kwenye njia, akifuatwa na Mgeni Rasmi.*

Akakitazama kipengele hicho, akahesabu siku kwa vidole. Jumamosi. Majaribio yanaisha Ijumaa.

Alirudi kwa Barnaba na ratiba mkononi. Barnaba akaisoma, akaikubali, akapiga mhuri.

"Hapa namba saba," Tabita akasema. "Jumamosi atakuwa si mfanyakazi. Ijumaa jioni unampa barua ya kumaliza."

"Kweli," Barnaba akasema, akakuna kidevu. "Sasa usihangaike, tutamwita. Tutamtumia bajaji, kwenda na kurudi, na chakula atakula meza ya mbele. Hawezi kukataa, si ni siku yake?"

Ole wake mtu mpole! Alisema yote hayo kwa moyo mweupe kabisa, akampa na karanga. Tabita alizipokea, akatoka nazo mkononi, akafika mezani kwake akagundua amezishika mpaka zimelowa jasho.

Kumwambia Imelda ilikuwa kazi ya Tabita. Aliahirisha Jumatano. Alhamisi saa tisa akavuta kiti, akakaa karibu naye. Imelda alikuwa anapanga nyaraka za lori la sukari. Kikombe cha asubuhi kilikuwa bado dirishani, kimeganda utando juu.

"Mwanangu Imelda. Hiyo Jumamosi..."

"Nimesikia, Madam. Namba saba."

"Nani kakwambia?"

"Ratiba iko ubaoni." Imelda akaendelea kupanga karatasi. "Na mashine najua kuisoma. Najua Ijumaa kuna barua."

Tabita akatazama nyaraka za sukari.

"Nitakuja," Imelda akasema. "Nilitaka kuuliza tu, nivae nini? Ile fulana ya kampuni, au nguo zangu za nyumbani? Maana nikivaa fulana, nitakuwa nimedanganya."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Tabita angejua la kumjibu, angemshika mkono, angemwambia pole. Lakini binti aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi, akasubiri jibu na kalamu mkononi. Tabita akaona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Akasema atamjulisha, akainuka, akaenda chooni kule nyuma ya ghala, akasimama huko mpaka sura ikamrudia.

Ijumaa asubuhi palikuwa na baridi ile ya Tunduma ya mwisho wa Mei, ya kuvaa sweta mbili. Madereva wa Zambia walikuwa wamejikunja pembeni ya malori yao wanaota moto. Mmoja akamsalimia Tabita kwa Kibemba, "Mulishani, mayo?" naye akajibu bila kusimama. Saa moja na dakika tano alikuwa ofisini. Akafungua droo ya juu, akachukua mkasi, kimto akakiacha.

Eliakim alikuwa amesimama mbele ya utepe, amevaa koti la mvua juu ya koti la sare.

"Shikamoo mzee Eliakim."

"Marahaba, Madam. Umewahi."

"Sogea kidogo, baba. Naufungua."

Eliakim akatazama mkasi, akatazama tangazo kwenye nguzo. "Madam, hapa imeandikwa marufuku."

"Najua."

"Na sahihi ni yako."

"Najua, mzee. Niliiandika mimi."

Eliakim akafikiri. Alikuwa mtu wa maelekezo, na haya yalikuwa maelekezo yanayogombana, yote ya mtu mmoja. Mwishowe akasogea hatua moja, akasema, "Basi kwenye daftari nitaandika umeufungua wewe."

"Andika."

Sasa mikasi ya sherehe bwana! Inang'aa, lakini haina makali. Tabita alibana, utepe ukajikunja katikati ya meno ya mkasi ukatoka mzima. Akabana tena. Akaanza kusugua huku na huku, mkono mmoja umevuta utepe, jasho linamtoka na baridi yote ile. Ukaachia uzi mmoja mmoja. Ulipokatika, lile ua likaanguka kwenye zege, upepo ukalisukuma mpaka ukutani.

"Nipige makofi?" Eliakim akauliza.

Alikuwa anauliza kwa dhati. Tabita alitaka kucheka akajikuta anafuta machozi kwa kiganja. "Usipige, mzee," akasema.

Bajaji ikasimama getini saa moja na dakika ishirini kama kawaida yake. Dereva akakiteremsha kiti, Imelda akahamia, akaja taratibu kwenye changarawe, akaelekea chini ya ngazi, mahali pake pa kusubiria, ambapo magurudumu yalikuwa yameshachimba vijishimo viwili. Hapo ndipo alipouona utepe uko chini. Akamtazama Tabita. Tabita akamwonyesha njia kwa mkono.

Imelda akageuza kiti. Hakukimbia wala hakuchelewa. Akapanda, mikono inasukuma magurudumu kwa vipigo virefu, akafika kwenye kona, akapumua mara moja, akamalizia. Hakuna aliyemgusa. Mlangoni akanyoosha mkono, akaweka kidole. Ile mashine ikamshukuru kwa Kiingereza, kama inavyomshukuru kila mtu.

Saa moja na dakika ishirini na tisa.

Kufikia saa tatu habari ilikuwa Dar, na kufikia saa nne ilikuwa Iringa. Mwenyekiti hakupiga kelele. Msaidizi wake alipiga simu akasema Mwenyekiti hawezi kuzindua kitu kilichokwisha zinduliwa, kwa hiyo anageuza gari. Kwaya ikaambiwa isije. Fundi wa Vwawa, aliyekuwa ameshachonga tarehe ya Jumamosi, akauliza jiwe lifanywe nini na hakuna aliyemjibu. Saa sita ikaingia barua ya Tabita: ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua. Watu wakaanza kupita mbali na meza yake. Kibarua kilikuwa kinaelekea kuota nyasi, na kila mtu alikiona.

Saa tisa akaingia kwa Barnaba, akaweka karatasi ya mashine mbele yake. Mistari hamsini na nane ya saa mbili na kitu. Chini kabisa, mstari mmoja.

"Mtu ni yuleyule," Tabita akasema. "Bajaji ni ileile, geti ni lilelile. Fomu yako haiulizi kwa nini. Lakini wewe una macho, Barnaba."

Barnaba aliusoma ule mstari wa mwisho muda mrefu. Safari hii hakutafuna kitu.

"Siku moja ni siku moja," akasema mwishowe. "Siwezi kumthibitisha kwa siku moja." Akavuta fomu, akafuta neno kwa kalamu, akaandika jingine juu yake. "Namwongezea mwezi. Hizi hamsini na nane naandika hazihesabiki, njia ilikuwa imefungwa. Akiwahi Juni yote, nasaini. Na wewe, dada?"

"Mimi nina siku saba."

"Pole," Barnaba akasema, na alimaanisha.

Tabita akatembea kwenye korido na ile fomu, na nisiseme uongo, moyo wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa ameweka kazi yake rehani kwa ajili ya binti wa watu. Hakutaka sifa, alijiambia. Lakini mashavu yalikuwa yamepata joto, na hatua zilikuwa za mtu anayekwenda kupokea kitu.

Imelda alikuwa mezani kwake. Kikombe kilikuwa mbele yake, kitupu. Kingine, cha pili, kilikuwa mkononi, anakinywa.

"Umeongezewa mwezi," Tabita akasema. "Siku za nyuma zimefutwa. Ukiwahi Juni, umepita."

"Nitawahi." Imelda akapokea fomu, akaisoma mpaka chini, akaitia kwenye faili. "Asante kwa kunijulisha, Madam."

Tabita akasimama pale. Imelda akamtazama mkononi. Mkasi ulikuwa bado umo, tangu asubuhi, hakuwa amekumbuka kuurudisha.

"Huo mkasi umeletwa leo?"

"Hapana. Ulikuwepo."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi," Tabita akasema. "Vilinunuliwa pamoja, huu na utepe."

"Ulikuwa wapi?"

Kutoka pale alipokaa Imelda, meza ya Tabita ilionekana vizuri, hatua sita hivi, na droo ya juu ilikuwa wazi, kimto chekundu ndani yake.

"Kwenye droo yangu," Tabita akasema.

Imelda akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa namba ya nyaraka aliyokuwa anaikosa. Akamaliza chai, akaweka kikombe, akaachia breki za kiti.

"Nipishe kidogo, Madam," akasema. "Naenda chooni."

Tabita akampisha.